Wastani Unaomficha Mwanamke: Uhakiki wa Sera ya "Nchi Salama" ya Ulaya Ukitazamwa kutoka Mutuka, Babati

1.0 Utangulizi

Kuanzia mwaka 2006 hadi mwaka 2015, Tanzania ilikuwemo katika orodha ya nchi ambazo Ufaransa ilizihesabu kuwa nchi salama za asili kwa ajili ya kushughulikia maombi ya hifadhi. Wakati Tanzania inaingizwa katika orodha hiyo, Utafiti wa Hali ya Afya na Demografia wa mwaka 2004-05 ulikuwa umekwisha kuonesha kwamba wanawake 81 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Manyara walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2010, uliofanyika Tanzania ikiwa bado orodhani, ulionesha wanawake 71 kati ya 100. Taarifa zote mbili, ile ya usalama wa nchi na ile ya hali ya wanawake wa Manyara, zilitoka katika vyombo rasmi. Zilitofautiana kwa sababu kila moja ilipima kitu chake: ya kwanza ilipima nchi, ya pili ilipima miili ya wanawake wa mkoa mmoja.

Makala haya yanahakiki tofauti hiyo ya vipimo. Hoja yake kuu ni kwamba sera ya hifadhi ya Ulaya imemtambua mwanamke katika tafsiri ya neno mkimbizi, lakini inamnyang'anya utambuzi huo katika utaratibu wa kumsikiliza, kwa kuwa utaratibu huo unaanza na wastani wa nchi nzima kabla ya kufika kwa mwombaji. Uhakiki unajikita katika ukeketaji kwa sababu ndio aina ya mateso ambayo mahakama za Ulaya zimeijadili kwa kina, na ndio unaoonesha waziwazi jinsi wastani unavyoweza kuwa sahihi kihesabu na kupotosha kisheria.

Mahali pa kutazamia ni Mutuka, mojawapo ya kata nane za Halmashauri ya Mji wa Babati, makao makuu ya Manyara, mkoa uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Takwimu zinazotumika ni za mkoa, wala si za kata, na hakuna mwombaji mahususi anayezungumziwa. Mutuka inasimama hapa kama kipimo: sera inayodai kumlinda mwanamke anayekimbia mateso ya kijinsia haina budi kueleza ingemwonaje mwanamke anayetoka mahali kama hapo, penye barabara kuu ya lami, ofisi za serikali, shule na kituo cha polisi, na ambapo, pamoja na hayo yote, desturi ya ukeketaji imedumu katika baadhi ya jamii zinazouzunguka mji.

2.0 Dhana ya nchi salama na kazi yake

Ufaransa iliingiza dhana ya nchi salama katika sheria yake kwa mabadiliko ya Desemba 2003, na bodi ya OFPRA, ofisi inayoshughulikia wakimbizi na wasio na uraia, ikatoa orodha ya kwanza mwaka 2005. Orodha ya nyongeza ya mwaka 2006 ndiyo iliyoileta Tanzania. Umoja wa Ulaya uliipa dhana hiyo msingi wa pamoja katika Maelekezo ya mwaka 2005 kuhusu taratibu za hifadhi, kisha katika Maelekezo namba 32 ya mwaka 2013. Kwa mujibu wa hati hizo, nchi huhesabiwa salama pale inapoweza kuoneshwa kwamba, kwa jumla na kwa kudumu, hakuna mateso wala madhara makubwa.

Watetezi wa dhana hii hueleza kwamba orodha si hukumu bali ni dhanio tu, na kwamba kila mwombaji anabaki na haki ya kulipinga. Maelezo hayo ni sahihi katika maandishi. Hata hivyo, uzito wa dhanio hupimwa kwa gharama ya kulipinga. Nchini Ufaransa, kabla ya mageuzi ya Julai 2015, mwombaji kutoka nchi iliyo orodhani aliingizwa katika utaratibu wa kipaumbele. Ombi lake lilipaswa kuamuliwa ndani ya siku 15, au saa 96 ikiwa yuko kizuizini. Hakupewa kibali cha muda cha ukaazi wala nafasi katika vituo vya makazi ya waomba hifadhi. Akikataliwa, rufaa yake katika mahakama ya hifadhi haikuzuia kuondoshwa kwake nchini. Mwezi Februari 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliitia Ufaransa hatiani, katika shauri la mwombaji aliyepitishwa katika utaratibu huo, kwa kukosa njia ya rufaa yenye nguvu.

Masharti haya hayamwelemei kila mwombaji kwa usawa. Mwanamume aliyefungwa kwa sababu ya siasa huweza kufika na hati ya mahakama, gazeti lenye jina lake au kadi ya chama. Mwanamke anayekimbia kisu hana hati ya namna hiyo. Ushahidi wake umo mwilini mwake, au mwilini mwa binti yake ambaye bado hajaguswa, na katika kauli ambazo wazee wa ukoo walizitamka bila kuziandika. Kumtaka alete ushahidi huo ndani ya siku 15, akiwa hana mahali pa kulala pa uhakika, mbele ya afisa asiyemjua, ni kumpa haki huku akinyimwa nafasi ya kuitumia. Nyumba njema si mlango, na haki ya kupinga dhanio haipimwi kwa kifungu kinachoitangaza.

3.0 Mali mwaka 2010: mahakama inaona jinsia lakini haioni mkoa

Tarehe 23 Julai 2010 Conseil d'État, mahakama ya juu ya masuala ya utawala nchini Ufaransa, ilitoa uamuzi kuhusu orodha ya nchi salama baada ya kufunguliwa shauri na mashirika ya kutetea haki. Miongoni mwa mengine, mahakama ilibatilisha kuwemo kwa Mali orodhani kwa upande wa wanawake, kwa sababu ya ukeketaji. Mali ikabaki salama kwa wanaume na ikaacha kuwa salama kwa wanawake. Ulikuwa uamuzi wa maana, kwani ulikiri kwamba nchi moja inaweza kuwa nchi mbili kulingana na jinsia ya anayeulizwa.

Tanzania ilibaki orodhani. Kwa kipimo cha taifa, tofauti ilikuwa dhahiri: utafiti wa mwaka 2006 nchini Mali ulionesha kiwango cha asilimia 85 ya wanawake, ilhali Tanzania ilikuwa na asilimia 15 katika utafiti wa 2004-05 na pia katika ule wa 2010. Lakini asilimia 15 ya Tanzania haikuwa hali ya mwanamke yeyote mahali popote. Ilipatikana kwa kuichanganya Manyara na mikoa ambayo desturi hiyo karibu haipo kabisa. Mwanamke wa Kigoma au wa Unguja, ambaye hakuwa katika hatari, alitumika kihesabu kupunguza hatari ya mwanamke wa Manyara. Tofauti kati ya Mali, iliyoondolewa, na Manyara ya mwaka 2004-05 ilikuwa pointi nne tu za asilimia.

Hapa ndipo udhaifu wa dhana unapojitokeza. Mahakama iliweza kuigawa nchi kwa jinsia kwa sababu jinsia ni mstari unaopita nchi nzima na unaoonekana kutoka mbali. Haikuigawa nchi kwa mkoa, kabila au ukoo, ilhali hiyo ndiyo mistari ambayo ukeketaji unaifuata. Uingereza ilifikia mpaka uleule kwa njia nyingine. Chini ya kifungu cha 94 cha sheria yake ya uhamiaji na hifadhi ya mwaka 2002, Kenya imetajwa kuwa salama kwa wanaume pekee, kama ilivyo kwa Ghana, Nigeria, Gambia, Sierra Leone na nchi nyingine kadhaa za Afrika. Utaratibu huo unamwokoa mwanamke wa Kenya na dhanio baya, na hilo si jambo dogo. Lakini hata huko, mwanamke anaonekana kama jinsia isiyo na mahali: wa Kisii, wa Garissa na wa Lamu wanawekwa katika fungu moja.

Kuna upande wa pili wa jambo hili ambao wasomi wa Tanzania hawajauzungumzia vya kutosha. Kuitwa nchi salama kunapendeza. Kunaafikiana na taswira ya kisiwa cha amani ambayo taifa limejijengea tangu uhuru, taswira yenye ukweli mwingi linapolinganishwa na majirani zake. Kwa sababu hiyo ni vigumu kutarajia serikali yoyote ipinge kuwekwa kwake katika orodha kama hiyo. Fahari ya nchi ya asili na nia ya nchi pokezi ya kupunguza maombi hukutana katika neno moja, salama, na anayebaki nje ya makubaliano hayo ni mwanamke ambaye usalama huo haukumfikia.

4.0 Tafsiri inayofungua na utaratibu unaofunga

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 hautaji jinsia miongoni mwa sababu tano za mateso, yaani rangi, dini, utaifa, uanachama wa kundi mahususi la kijamii na maoni ya kisiasa. Kwa miongo kadhaa mwanamke alilazimika kuingia kwa mlango wa sababu ya nne. Mlango huo umepanuliwa hatua kwa hatua na mahakama. Oktoba 2006 Baraza la Malordi nchini Uingereza liliamua, katika shauri la msichana wa Sierra Leone, kwamba wanawake wanaokabiliwa na ukeketaji katika jamii yao wanaweza kuwa kundi mahususi la kijamii, hata kama wanaotekeleza tendo hilo ni wanawake wenzao na hata kama jamii yenyewe inaliheshimu. Januari 16, 2024, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilikwenda mbali zaidi kwa kukubali kwamba wanawake wa nchi kwa ujumla wao wanaweza kuhesabiwa kuwa kundi la namna hiyo. Oktoba 4 ya mwaka huohuo mahakama hiyo iliamua kwamba, kwa wanawake wa Afghanistan, mamlaka inaweza kutosheka na uraia na jinsia bila kumtaka mwombaji athibitishe hatari inayomhusu yeye binafsi. Mkataba wa Istanbul wa mwaka 2011, ambao Umoja wa Ulaya wenyewe umejiunga nao na unaoufunga tangu Oktoba 2023, unataka katika kifungu cha 60 ukatili wa kijinsia dhidi ya wanawake utambuliwe kuwa aina ya mateso.

Uamuzi unaohusiana zaidi na Mutuka ni ule wa Conseil d'État wa Desemba 21, 2012. Mahakama ilisema kwamba, katika jamii ambamo ukeketaji umeenea kiasi cha kuwa kanuni ya kijamii, watoto wa kike na vijana wa kike ambao hawajakeketwa ni kundi mahususi la kijamii. Kipimo kilichochaguliwa hapo ni jamii. Hakikuwa nchi. Kwa kipimo hicho, msichana kutoka jamii ya Manyara ambamo desturi hiyo ni kanuni angeingia katika tafsiri ya mkimbizi bila shida kubwa ya kinadharia.

Lakini mwezi huohuo, Tanzania ilikuwa bado orodhani. Msichana huyo ambaye tafsiri ya sheria ilimtambua kwa kuitazama jamii yake, utaratibu ulimpokea kwa kuitazama nchi yake, na utaratibu ndio uliotangulia. Mamlaka ileile ilikuwa na vipimo viwili, kimoja cha kumwelewa na kingine cha kumharakisha, bila kueleza ni kwa nini kile cha pili kitangulie. Kasoro hii si ya kiufundi. Inahusu swali la msingi la haki: je, mwombaji asikilizwe kwanza ndipo apangwe, au apangwe kwanza ndipo asikilizwe?

Uamuzi huo wa 2012 una mpaka mwingine unaomgusa mwanamke mtu mzima. Mahakama ilikataa wazo kwamba mzazi apate hadhi ya mkimbizi kwa sababu tu mtoto wake ameipata. Mama aliyekimbia ili kumwokoa binti yake hubaki akitegemea sababu zake mwenyewe au vibali vya aina nyingine. Katika jamii ambamo mama anayemkinga binti dhidi ya ukeketaji huhesabiwa kuwa ameusaliti ukoo wa mumewe, kitendo cha kumkinga ndicho kinachomtia hatarini. Sheria inayomwona mtoto kama mlengwa na mama kama msindikizaji haijausoma ukoo unavyofanya kazi.

5.0 Hoja ya ulinzi na hoja ya kuhamia kwingine

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja za makala haya ni kwamba Tanzania ina sheria. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998 iliingiza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu, na kifungu hicho kinatoa adhabu ya kifungo cha kuanzia miaka 5 hadi 15, au faini, au vyote viwili, kwa mwenye dhamana ya mtoto anayesababisha mtoto huyo akeketwe. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na kulikuwa na mpango wa taifa, MTAKUWWA, ulioanza mwaka wa fedha 2017/18. Tanzania imeridhia pia Itifaki ya Maputo, ambayo katika kifungu cha 5 inazitaka nchi kupiga marufuku aina zote za ukeketaji.

Jambo ambalo msomaji wa mbali hulipita haraka ni neno moja katika kifungu cha 169A, nalo ni umri. Ulinzi wake mahususi unamhusu mtu aliye chini ya miaka 18. Mwanamke wa miaka 19 anayeshinikizwa kukeketwa wakati wa ndoa au kabla ya kujifungua anabaki na vifungu vya jumla vya kujeruhi na kushambulia, ambavyo vinadai alalamike dhidi ya mama mkwe, shangazi au mume. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2011, na Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2010, hazikuweka mpaka huo wa umri. Afisa wa Ulaya anayeandika kwamba ukeketaji ni kosa la jinai nchini Tanzania anaandika ukweli usiotosha kumjibu mwanamke huyo. Kwa upande wa watoto, sheria imeleta mabadiliko, lakini imeleta pia kujificha: tendo hilo limehamia katika umri mdogo zaidi, hata utotoni kabisa, ambapo hakuna sherehe ya kumshtua jirani wala mtoto anayeweza kusimulia. Imani ya lawalawa katika mikoa ya kati, inayolitaja tendo hilo kama tiba ya maradhi ya watoto wa kike, imelipa kifuniko kingine.

Pingamizi la pili ni kwamba hali inaboreka. Hili ni kweli, na uhakiki wa haki hauna budi kulikiri. Kiwango cha Manyara kilishuka hadi asilimia 58 katika utafiti wa 2015-16 na asilimia 43 katika ule wa 2022, huku kiwango cha taifa kikishuka hadi asilimia 10 na kisha 8. Kupungua huko ni kazi ya walimu, wauguzi, viongozi wa dini, mashirika ya kijamii na wanawake wenyewe. Hata hivyo, mwelekeo wa takwimu unaeleza yajayo ya mkoa. Hauelezi usiku wa leo wa msichana mmoja. Aidha, kadiri wastani wa taifa unavyoshuka, ndivyo nchi inavyozidi kuonekana salama, na ndivyo msichana anayebaki katika ukoo usiobadilika anavyozidi kutoonekana.

Pingamizi la tatu ndilo linalotumika zaidi katika maamuzi ya Ulaya: kwamba mwanamke anaweza kuhamia sehemu nyingine ya nchi yake. Katika shauri la mwanamke wa Nigeria dhidi ya Austria lililoamuliwa mwaka 2011, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa ombi kwa kutegemea hoja hiyo, ikizingatia elimu na uzoefu wake wa kazi. Kwa ramani, hoja hii ina nguvu mjini Babati kuliko mahali pengi, maana mji uko kwenye barabara iendayo Arusha kaskazini na Dodoma kusini, na mabasi hayakosekani. Lakini barabara inayomwezesha mwanamke kuondoka ndiyo inayowawezesha jamaa kumfuata. Anayehamia Dodoma au Dar es Salaam bila mtaji hupokelewa na ndugu, na ndugu ni sehemu ya ukoo uleule. Asipopokelewa na ndugu, hupanga chumba na kutafuta kazi za ndani au biashara ndogo akiwa na mtoto mgongoni. Nyumba salama zinazojulikana zaidi nchini, kama ile ya Masanga na ile ya Mugumu, ziko mkoani Mara, na hupokea wasichana hasa katika misimu ya ukeketaji. Hoja ya kuhamia kwingine si batili kwa kila mwanamke. Ni batili inapotolewa kama kauli ya jumla kuhusu nchi, bila kuulizwa mwanamke huyu atafikia kwa nani.

6.0 Lugha ya mahojiano

Maelekezo ya mwaka 2013 yanataka, inapowezekana, mwombaji ahojiwe na afisa wa jinsia yake akiomba hivyo, na apewe mkalimani anayefaa. Kwa mwanamke wa Manyara, swali la mkalimani si la lugha ya Kiswahili peke yake. Huenda lugha yake ya nyumbani ni Kigorowa, Kiiraqw, Kirangi au Kibarbaig, na mambo ya mwili aliyafunzwa katika lugha hiyo kwa maneno ya staha. Kiswahili kinamfikia kama lugha ya shule na ya ofisi.

Hata ndani ya Kiswahili chenyewe kuna mtego. Neno ukeketaji limebeba tathmini: kukeketa ni kukata kwa kitu butu, na neno hilo limeenezwa na sheria na kampeni. Neno tohara linabeba maana ya usafi na linatumika pia kwa wavulana. Mwanamke aliyekulia katika jamii inayolihesabu tendo hilo kuwa heshima huweza kusema "tohara" katika mahojiano ya kwanza na "kukeketwa" katika ya pili, baada ya kukutana na wakili au shirika. Kwa msikilizaji wa Kiswahili, mabadiliko hayo yanaonesha safari ya ufahamu. Katika kumbukumbu ya mahojiano iliyotafsiriwa, yanaweza kuonekana kama kujipinga, au kama maneno ya kufundishwa. Utaratibu wa haraka huzidisha hatari hiyo, kwa sababu unapunguza muda ambao mkalimani na afisa wangeutumia kuuliza neno hilo lilimaanisha nini kwa aliyelisema. Katika masuala ya hifadhi, kuaminika kwa mwombaji ndiko mara nyingi kunakoamua, na kuaminika huko kunajengwa au kubomolewa kwa maneno kama haya.

7.0 Kanuni mpya na asilimia 20

Inaweza kudhaniwa kwamba mjadala huu ni wa historia, kwa kuwa orodha ya Ufaransa ya Oktoba 2015 haikuwa tena na Tanzania. Kinyume chake, kipimo cha wastani kimepata nguvu mpya. Kanuni namba 1348 ya mwaka 2024, mojawapo ya nguzo za Mkataba wa Uhamiaji na Hifadhi wa Umoja wa Ulaya, yenye tarehe ya kuanza kutumika Juni 2026, inaweka njia ya haraka kwa waombaji kutoka nchi ambazo kiwango chake cha kukubaliwa katika Umoja mzima ni asilimia 20 au chini. Hapa nchi haihitaji hata kutangazwa kuwa salama. Inatosha kwamba wananchi wenzake wengi walikataliwa. Mwanamke wa Mutuka angeweza kuharakishwa kwa sababu ya matokeo ya wanaume waliotoa sababu zisizohusiana na yake.

Kwa haki, Kanuni hiyo ina vizuizi. Inaruhusu kumwondoa katika njia hiyo mwombaji wa fungu ambalo kiwango hicho hakiwakilishi mahitaji yake ya ulinzi. Inaruhusu pia nchi itajwe kuwa salama isipokuwa kwa sehemu fulani za eneo lake au mafungu ya watu yanayotambulika wazi. Agosti 1, 2025, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ikitafsiri Maelekezo ya 2013, iliamua kwamba nchi haiwezi kutajwa kuwa salama ikiwa haitimizi masharti hayo kwa baadhi ya mafungu ya watu. Kwa tafsiri hiyo, kuwemo kwa Tanzania katika orodha bila kutaja wanawake kungekuwa na utetezi hafifu. Lakini uamuzi huo ulihusu sheria inayoondoka, na Kanuni inayokuja inaruhusu waziwazi nchi kuwa salama pamoja na vighairi.

Vighairi vinategemea mtu aliyeviandika kujua mapema wa kumtaja. Mafungu yanayotambulika wazi ni yale ambayo tayari yana watetezi, ripoti na majina. Wanawake wa ukoo fulani katika wilaya fulani ya Manyara si fungu ambalo mtayarishaji wa orodha huko Brussels atalikumbuka. Kwa hiyo kighairi kinarudia kosa la orodha katika umbo dogo: bado mwanamke lazima awe ameonekana kabla ya kusikilizwa.

8.0 Kundi kama ufunguo na kundi kama kufuli

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba kila kipimo cha kundi ni kibaya na kwamba kila mwombaji atazamwe peke yake. Historia ya Afrika Mashariki haikubali hitimisho hilo. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliipanua maana ya mkimbizi ili imhusu pia anayekimbia matukio yanayovuruga vibaya amani katika sehemu ya nchi yake au nchi nzima. Haukuandikwa kwa ajili ya ukeketaji, lakini neno sehemu lililomo ndani yake linakiri jambo ambalo orodha za Ulaya zililipita: nchi inaweza kuwa shwari na sehemu yake isiwe hivyo. Kwa msingi huo Tanzania ilipokea watu kwa makundi bila kumhoji kila mmoja, hadi ilipositisha utaratibu huo kwa Warundi Januari 2017, jambo lililowaacha wanawake wengi waliofika baadaye wakihitaji kuthibitisha hofu zao mmoja mmoja. Mhakiki wa Tanzania anayeinyooshea Ulaya kidole analazimika kuikumbuka tarehe hiyo.

Tofauti ya maana, basi, iko katika mwelekeo. Kundi linapotumika kufungua, kama katika Mkataba wa 1969 au katika uamuzi wa Oktoba 2024 kuhusu wanawake wa Afghanistan, kosa lake ni kumpa hifadhi mtu ambaye pengine hakuihitaji sana. Kundi linapotumika kufunga, kosa lake ni kumrudisha msichana kwa ngariba, na kosa hilo halina rufaa inayoweza kulifuta. Makosa mawili yasiyo na uzito sawa hayapaswi kuwekewa kiwango kimoja cha ushahidi. Sera inayotumia wastani kumharakisha mwombaji inadai uhakika mdogo mahali ambapo uhakika mkubwa zaidi unahitajika.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba maendeleo ya sheria ya hifadhi ya Ulaya kuhusu wanawake ni ya kweli katika tafsiri na ni haba katika utaratibu. Kati ya 2006 na 2015, Ufaransa iliiweka Tanzania nzima chini ya dhanio la usalama ambalo lililingana na asilimia 15 ya taifa na halikulingana na asilimia 81 wala 71 ya Manyara. Mahakama iliyoliona kosa hilo kwa Mali haikuwa na kipimo cha kuliona kwa Babati. Kanuni ya asilimia 20 inaendeleza mantiki hiyohiyo.

Mambo matatu yanafuata. Kwanza, katika maombi yanayotokana na mateso ya kijinsia, njia ya haraka inayotokana na uraia haipaswi kutumika kabla mwombaji hajasikilizwa kuhusu jamii anayotoka, na taarifa za nchi zitoe takwimu za mkoa na jamii palipo nazo. Pili, wataalamu wa Kiswahili wa tafsiri na ukalimani wana kazi ambayo haijafanywa, ya kuandaa maelezo ya istilahi za tohara, ukeketaji na lawalawa kwa matumizi ya mamlaka za hifadhi, pamoja na maneno yanayolingana nayo katika lugha za Manyara. Tatu, mpaka wa umri katika kifungu cha 169A unapaswa kuondolewa. Mpaka huo unamwacha mwanamke mtu mzima bila ulinzi mahususi nyumbani, na wakati huohuo unampa afisa wa mbali sheria ya kuitaja anapomkatalia. Mabadiliko hayo ya tatu hayasubiri Brussels wala Paris. Yako ndani ya uwezo wa Bunge la Tanzania, na mwanamke wa Mutuka angenufaika nayo hata kama hatavuka mpaka wowote.